Jiwe Alilolisugua Mbeyu

Mbeyu hakuwa mtu wa kupiga yowe asubuhi asubuhi, lakini siku ile alilipiga. Alikuwa ametoka na maganda ya muhogo kwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba, akapita penye kigango, nguzo ya ukumbusho ya baba mkwe wake, kama alivyopita kila siku ya Mungu kwa miaka arobaini, na hapo ndipo alipoyaona masikio. Masikio ya uyoga, ya kahawia katikati na meupe pembeni, manne ubavu huu na mawili ubavu ule, yameota kwenye nguzo kana kwamba mzee ameamua sasa kusikiliza maneno ya nyumba nzima. Mbeyu aliangusha maganda yote chini, kuku wakafurahi.

Mzee mwenyewe alikuwa Dzombo, baba yake Kadenge, na Kadenge ndiye aliyekuwa mume wa Mbeyu kabla ya presha kumchukua. Dzombo alipokufa, mwanawe alimchongea kigango cha mti mgumu, kichwa cha mviringo juu na michoro ya pembetatu kifuani, akakisimamisha karibu na kaburi. Tangu siku hiyo haikuwa nguzo tena, alikuwa mzee. Na mzee wa namna hiyo Mgiriama hamchezei. Humpaki rangi, humwegemei, humwekei kiraka. Ukihama, unahama wewe, yeye anabaki palepale. Akioza, anaoza, hiyo ni safari yake wala hakuna aliyekuomba msaada.

Siku nyingine zote mambo hayo yasingemkosesha Mbeyu usingizi. Lakini kamati ya mipaka ilikuwa inakuja baada ya siku kumi na mbili.

Kamati ilikuwa inapima njia ya ng'ombe, ile ambayo huku inaitwa malka, ili mifugo ya Waorma ishuke mtoni kunywa bila kukanyaga mashamba ya watu. Jambo jema, nani asiyelitaka? Tumezikana vya kutosha kwa ajili ya nyayo za ng'ombe. Shida ni kwamba malka ya kwenye ramani ilikuwa pana, na ukingo wake ungepita ama mashariki ya shamba la Mbeyu ama katikati yake, ikitegemea neno moja tu. Mwenye alama ya kale ya mpaka, alama yake ingeheshimiwa na mstari ungepinda kumpisha. Asiye na alama, mstari ungeshuka moja kwa moja kama ulivyochorwa. Na ulivyochorwa, ulikuwa unapita jikoni kwa Mbeyu, unachukua mahindi, unachukua miembe mitatu, na unaliweka kaburi la Dzombo, kigango na yote, chini ya kwato.

Alama alikuwa nazo mbili, moja ya mti na moja ya jiwe. Ya mti ndiyo hiyo iliyoota masikio.

Alimpigia simu binti yake Winfred, mwalimu wa biolojia kule Hola. Winfred alimwambia apige picha atume. Mbeyu alipiga picha nne, tatu zikiwa za kidole chake, na ya nne ikatosha.

"Mama, hiyo ni fangasi," Winfred alisema. "Huo uyoga unaouona nje ni matunda yake tu. Mwenyewe yuko ndani, nyuzi nyembamba zimejaa mti mzima, anaula kutoka moyoni kuja nje. Maji ya gharika iliyopita yalikaa hapo muda gani?"

"Wiki saba."

"Basi ndiyo hivyo. Atakula mpaka amalize."

"Na akimaliza?"

"Hapatakuwa na kitu, mama. Unga tu."

Mbeyu alitaka kuuliza kama mafuta machafu ya gari yangesaidia, yale wanayopaka nguzo za ua kule Minjila, akakumbuka kwamba hata kama yangesaidia yeye si wa kuyapaka. Akauliza jambo jingine.

"Alitoka wapi huyu mdudu?"

"Si mdudu. Mbegu zake ni vumbi, mama, hata huzioni kwa macho. Upepo unazibeba, zinatua popote." Kisha kengele ya shule ikalia, Winfred akasema ana kipindi, atapiga baadaye.

Popote. Neno hilo lilimkaa Mbeyu kichwani siku nzima. Alipalilia nalo, akapika nalo.

Ile alama ya pili, ya jiwe, ilikuwa pembe ya mashariki ya shamba. Ieleweke kwamba huku kwetu jiwe ni mgeni. Unaweza kuchimba kutwa usipate jingine ila udongo mweusi na makombe ya konokono. Hilo lililetwa na punda kutoka vilima vya mbali, mwaka uliofuata gharika kuu ya mwaka wa sitini na moja, na walioleta walikuwa wawili: Dzombo, mkulima aliyetoka kusini akitafuta ardhi, na Jilo, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa na ng'ombe kuliko alivyoweza kuwahesabu. Walikubaliana kwamba upande huu unalimwa na upande ule ng'ombe wanapita. Hawakuandikishana. Walilisimamisha lile jiwe, refu kufika kiunoni, wakanywa maziwa, basi. Aliyeyaona hayo na bado yuko hai alikuwa mtu mmoja tu, Adano, mwana wa Jilo, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minane na kazi yake ilikuwa kumshika punda masikio.

Adano sasa alikuwa mzee na macho yake yalikwisha zima, yote mawili. Lakini kila ng'ombe wake waliposhuka mtoni, mwanawe Mukhtar alimwacha penye jiwe lile akalikalia kwenye bega lake la chini, akangojea kundi lirudi. Mbeyu humpelekea chai. Hata siku ile ya masikio alimpelekea.

"Baba Mukhtar," alimwambia, "kamati ikija, utalijua jiwe?"

Kwa maana kamati ilikuwa na sharti lake, na lilikuwa sharti la busara: alama ya mkulima itambuliwe na mfugaji, na alama ya mfugaji itambuliwe na mkulima, mkono juu ya alama, kwa kiapo. Hakuna kujishuhudia mwenyewe.

Adano alicheka. "Jiwe hii mimi najua kama meno yangu."

"Meno yenyewe yamebaki mangapi?"

"Tatu. Lakini hiyo tatu najua sana." Akapapasa ubavu wa jiwe kwa kiganja kizima, polepole, anavyompapasa ndama wake. "Hapa iko na ukoko. Hapa iko na ukoko ingine, kubwa. Hapa chini iko kama ugaga. Mimi napita na kidole, najua niko wapi. Wewe leta kamati, Mama Winfred. Leta hata kumi."

Mbeyu alirudi nyumbani moyo umemtulia. Afadhali angebaki nao hivyo.

Kesho yake asubuhi alikwenda kuliangalia jiwe kwa macho mapya, na macho mapya yana hatari zake. Alikuwa amelipita miaka yote hiyo asilione. Sasa aliliona. Jiwe lilikuwa na madoa. Madoa ya kijivu yenye ukingo uliokunjamana, madoa ya manjano, madoa ya kijani kilichofifia, mengine upana wa kiganja, yameparamia ubavu mzima mpaka kichwani. Alilikwangua doa moja kwa ukucha, likatoka unga.

"Mungu wangu," Mbeyu alisema. "Limeshahamia huku."

Sasa mwelewe mama huyu, msimcheke. Alikuwa amekaa siku nzima anatazama ugonjwa unamla mzee wake na mikono yake ameikunja kwa sababu mila imemkataza. Hakuna kinachomchoma mtu mchapakazi kama kuambiwa akae atazame. Kigango hakuweza kukigusa. Jiwe aliweza. Jiwe halikuwa mzee wa mtu, lilikuwa jiwe. Basi uchungu wote wa kigango aliumalizia kwenye jiwe.

Alisugua siku mbili. Siku ya kwanza kwa steel wire ya kusugulia sufuria na majivu. Siku ya pili kwa mchanga, sabuni ya unga na brashi ya chuma aliyoazima kwa fundi wa kuchomelea pale Minjila. Madoa yale yalikuwa yameshika ajabu, kama yamezaliwa na jiwe, na kila yalivyoshika ndivyo yeye alivyozidi kuamini kwamba yameingia ndani na hapana muda wa kupoteza. Magoti yalimuuma, vidole vikachubuka. Alimwagia ndoo kumi na mbili za maji. Alipomaliza, jiwe lilikuwa jeusi lenye kung'aa, safi tangu kichwa hadi mguu, na Mbeyu akakaa chini kando yake akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu aone masikio yale alijiona amefanya kitu.

Siku zilizobaki Adano hakuja, ng'ombe walikuwa wamepelekwa malisho ya mbali. Laiti angekuja hata siku moja.

Winfred alifika Jumatano alasiri, siku moja kabla ya kamati, kwa basi mpaka Garsen na bodaboda kutoka hapo. Hakuwa ameketi vizuri Mbeyu akamshika mkono. "Njoo uone. Kile cha babu yako sikukiweza, lakini jiwe nimeliponya."

Wakafika kwenye jiwe. Winfred alisimama. Mbeyu alingoja sifa, na sifa hazikuja. Mwanawe alipiga magoti akapitisha vidole juu ya jiwe, akazunguka upande wa pili, akazunguka tena, akawa anatafuta kitu. Kwenye ufa mmoja, mahali ambapo brashi haikufika, alipata kidoa cha kijivu kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Akakitazama muda mrefu.

"Mama," alisema, "ulitoa nini hapa?"

"Ile fangasi. Ilikuwa imejaa kote. Si ulisema inatua popote?"

Winfred alikaa kwenye udongo na nguo yake ya safari. Mbeyu alijua sura ile. Ndiyo aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo akivunja kitu, ila leo aliyevunja si yeye.

"Haikuwa ile, mama. Ni makosa yangu, nilikwambia nusu nikakata simu. Ile ya kwenye mti inakula mti. Haina chakula kingine, haijui kujipikia, inachukua nyumba inamolala ikaifanya chakula, na nyumba ikiisha nayo inaisha. Hii ya jiwe ni kitu kingine. Darasani tunaiita laikeni. Ndani yake kuna fangasi, ni kweli, lakini hayuko peke yake, ameshikana na kimmea kidogo cha kijani kisichoonekana. Kile cha kijani kinapika kwa jua, fangasi anakipa kivuli na umande, wanakaa pamoja. Hawali jiwe. Wanataka pa kukaa tu."

"Kwa hiyo hawakuwa wanaliumiza."

"Kidogo sana, kwa maelfu ya miaka. Jiwe lingewazika wajukuu wa wajukuu wangu." Winfred aliinama. "Na wanakua polepole mno, mama. Mwaka mzima hauongezi hata unene wa uzi. Doa la upana wa kiganja ni umri wa mtu mzima. Ule wa mti unafuta. Huu wa jiwe ulikuwa unaandika. Mtu akiliona jiwe lile anajua bila kuambiwa kwamba limesimama hapo zamani."

Mbeyu alielewa. Hakuwa mjinga, alichokosa kilikuwa mtu wa kumwambia. Akajishika kwenye jiwe, na jiwe likateleza mkononi kwa usafi.

"Tulirudishe," alisema. "Tulipake kitu. Udongo. Kinyesi cha ng'ombe. Tulichafue."

"Wataona tumelipaka."

"Picha? Huna picha kwenye hiyo simu yako? Krismasi si tulipiga hapa?"

Winfred alitafuta. Ilikuwapo picha moja, wajukuu na mashangazi wamejipanga mbele ya jiwe, wamelikalia, wameliegemea, kanga zimelifunika lote. Ilionekana pembe moja tu nyuma ya sikio la mtoto, nayo ilikuwa kivulini. Mama na mwana waliitazama picha ile, wakaikuza mpaka ikawa miraba midogo ya rangi, na haikuwasaidia kitu.

Kamati ilifika Alhamisi saa tatu. Mpima ardhi aliitwa Zakaria, mtu wa makamo mwenye mashavu ya uchovu, si mbaya, hilo niliseme kabisa. Alimwamkia Mbeyu kwa heshima na akakataa kiti. Wiki mbili kabla, katika kijiji kingine, kamati yake ilikuta mawe yamepandwa usiku kama mahindi, mawe mapya matupu, na watu wazima wakaapa kwamba yaliwekwa na mababu. Tangu hapo Zakaria hakuwa anaamini jiwe kwa maneno matupu, na ukweli ni kwamba hata mimi nisingeamini.

Walianza na kigango. Kabla Mbeyu hajafungua mdomo, Zakaria alikigusa kwa ncha ya kalamu yake, na kalamu ikazama mpaka katikati kama imechomwa kwenye ugali.

"Usikiguse!" Mbeyu alilia.

"Samahani, mama. Samahani sana." Aliichomoa, na kipande cha kifua cha mzee, michoro na yote, kikamong'onyoka kikaanguka miguuni pake. Watu wote wakakitazama. Hakuna aliyekiokota, maana hakuna aliyekuwa na ruhusa. "Mti," Zakaria alisema kwa sauti ya chini, "unaweza kuoza kwa miaka mitano, unaweza kuoza kwa hamsini. Huu hauwezi kuniambia kitu. Twende kwenye jiwe."

Adano alikuwa ameshaletwa, amesimama kando na fimbo yake, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, Mukhtar amemshika kiwiko. Aliposikia hatua za Mbeyu alitabasamu kwa meno yake matatu. "Mimi nimekuja, Mama Winfred. Leo tunamaliza maneno hii." Mbeyu alitaka kumwambia. Lakini shahidi hasemezwi kabla ya kiapo, hilo nalo lilikuwa sharti, na Zakaria alikuwa amesimama katikati yao.

Zakaria alilizunguka jiwe mara moja. Ilitosha. "Jiwe hili ni jipya, mama."

"Si jipya. Ni safi. Nimelisugua mimi, kwa mikono hii." Alimnyooshea vidole vilivyochubuka. "Uliza dukani kama sikununua sabuni."

"Lilikuwa na laikeni," Winfred alidakia, "iko moja bado, hapa kwenye ufa, njoo uone, mama alidhani ni ugonjwa ule ule wa mti..."

"Mwalimu, laikeni naijua," Zakaria alisema. "Ndiyo ninayoiangalia kwanza nikifika kwenye jiwe. Jiwe la miaka sitini haliwi hivi." Aliinama akakiona kidoa kile kwenye ufa, akatikisa kichwa, kidogo mno. "Lakini mimi si wa mwisho. Wa mwisho ni shahidi. Mzee akiweka mkono na kuapa kwamba ni lenyewe, naandika ni lenyewe, na mstari unapinda. Sitauliza zaidi."

Basi ikabaki hapo. Shamba, miembe, jiko, kaburi, vyote vikabaki kwenye mkono wa mzee mmoja kipofu.

Mukhtar alimsogeza baba yake. Adano aliweka fimbo kwapani, akanyoosha mkono kwa uhakika, kama mtu anayefika kitandani kwake, akautua juu ya jiwe. Na mkono ukasimama.

Ukateremka. Ukapanda. Ukaenda kushoto kutafuta ule ukoko mkubwa, ukarudi, ukashuka chini kutafuta ule ugaga, ukateleza. Akatumia mkono wa pili. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahaulika pale. Akakileta kiganja puani akakinusa.

"Hii inanuka sabuni," alisema.

"Mzee," Zakaria alisema, "unaapa kwamba hili ni jiwe alilolisimamisha baba yako?"

Mbeyu alimtazama machoni, macho yale meupe yasiyomwona, akamwomba kwa moyo wake wote aseme ndiyo. Sema ndiyo tu, Baba Mukhtar. Neno moja. Alijua anamwomba mtu aapie asichokijua. Alijua pia kwamba kiapo cha Adano huku kinazima ugomvi wa vijiji viwili kwa sababu hakijawahi kuwa cha uongo hata mara moja. Akaomba vilevile, na aibu yake hakuificha kwa Mungu.

"Mahali, nafikiri ni hapa," Adano alisema polepole. "Urefu, nafikiri ni hii. Watu wamesimama kama siku zote. Lakini mkono yangu..." Akalipapasa tena, kwa haraka sasa, kama mtu aliyepoteza kitu kwenye mchanga. "Mkono yangu haijui hii. Mimi sina macho, bwana. Mimi niko na mkono tu. Nitaapa kwa Mungu na nini?"

"Kwa hiyo huapi."

"Mimi nataka kuapa," mzee alisema, na sauti yake ikavunjika. "Andika hiyo. Andika Adano alitaka."

Zakaria hakuwa na mahali pa kuandika alitaka. Karatasi yake ilikuwa na ndiyo na hapana. Kwa kalamu ile ile, ikiwa bado na unga wa mti kwenye ncha, akaweka alama kwenye hapana, akaikunja karatasi, na akawaambia vijana wake walete vigingi.

"Mama Winfred," Adano aliita. "Jiwe yetu ulifanya nini?"

"Nililiosha."

"Kwa nini?"

"Nilidhani linaumwa."

Adano machozi yalimtoka kwenye macho yaliyokufa, maana kumbe hilo bado yanaliweza, akarudisha mkono juu ya jiwe na sasa, baada ya kujua, alilishika kama anavyolishika siku zote. "Basi ni hii!" alisema kwa nguvu. "Bwana, ni hii! Naapa!" Lakini Zakaria alikuwa ameshasogea hatua ishirini, na shahidi aliyesemezwa na mwenye shamba si shahidi tena. Winfred alimkimbilia, akamwonyesha simu, akamwonyesha ufa. Zakaria alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Alisema wanaweza kukata rufaa kwa maandishi, na kwamba rufaa nayo itataka shahidi wa upande wa pili ambaye hajasemezwa. Winfred alimtazama Adano, akauliza yuko mwingine gani aliye hai.

Walihitaji mtu wa kushika ncha ya utepe wa kupimia, wakamwita Mukhtar. Mukhtar alimtazama baba yake, akamtazama Mbeyu, na akaenda kwa sababu ameitwa na serikali. Kigingi cha kwanza kiligongwa ng'ambo ya miembe. Cha pili kiligongwa penye mafiga.

Mzee aliachwa amesimama peke yake juani. Mbeyu alimtazama, na hasira aliyokuwa akiitafuta ili imsaidie hakuiona. Alimwendea akamshika kiwiko.

"Twende nikufikishe kwako, Baba Mukhtar."

Njia ya kwenda kwa Adano ilikatiza shambani. Walikwenda polepole, yeye mbele kidogo, mzee nyuma, mahindi yakiwapiga mikononi, nyundo ya vigingi ikisikika nyuma yao. Adano alizoea kuhesabu safari yake kwa vitu: harufu ya jiko la Mbeyu, kivuli cha mwembe wa kwanza, kivuli cha wa pili. Leo alikuwa amechanganyikiwa, alikuwa analia, na hesabu ikampotea.

"Hapa tumefika wapi?" aliuliza. "Hapa ni shamba yako bado?"

Mbeyu alisimama. Mahindi yalikuwa yamemfika kifuani, yameanza kutoa ndevu. Alipanda yeye mwenyewe, shimo kwa shimo.

"La," alisema. "Ni njia ya ng'ombe wenu."